Majina Yalihama, Namba Zikabaki

Kiangazi kile nilikuwa napima maji. Tulizunguka visima vya Kitui kusini na vya Makueni, tukapima chumvi na kina, kisha tukawaambia wenyewe kama maji yanafaa kunywewa. Ofisi ilikuwa chumba cha kukodi karibu na Kiboko, kando ya barabara kuu. Lori likipita, meza ilitetemeka. Tulikuwa wawili tu, mimi na mzee mmoja niliyemkuta kazini.

Mzee ndiye aliyetengeneza jedwali letu la kompyuta. Ukiingiza namba, lilipiga hesabu papo hapo, na kisima chenye chumvi nyingi kikageuka kuwa chekundu kwenye skrini. Alilipenda kama shamba alilolifyeka kwa mikono yake.

Asubuhi moja alinipigia simu mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya kisima huko mbele ya Mutomo.

"Daktari," alisema, maana kule yeyote mwenye kipimo ni daktari, "mlituambia maji yetu ni mabaya, tukafunga kisima. Sasa tunachimba mchanga mtoni. Na wale jirani mliowasifu, hata mbuzi wao wanakataa yale maji."

Nilifungua jedwali. Majina ya visima yalikuwa yamepangwa vizuri kwa alfabeti.

"Nilipanga mwezi uliopita, kabla hatujawapa majibu," mzee akasema, "ndio iwe rahisi kutafuta."

Alikuwa amechagua safu ya majina peke yake. Majina yalihama, namba zikabaki palepale, na kila kisima kikabeba chumvi ya kingine. Mzee alivua miwani.

"Hawa watu wamekuwa wakinywa nini, mwanangu?"

Siku hiyo tulizipigia kamati zote simu hadi sauti ikanikauka. Kisha tukaanza kupima upya. Kisima baada ya kisima, vumbi kwenye meno, mgongo ukiuma kwa pikipiki, na kila tulipofika tukieleza kosa lilelile kwa watu waliokuwa na haki ya kukasirika. Mama wa Mutomo hakukasirika. Aliangalia kipimo, akauliza, "Tufungue?" Nikamwambia wafungue. Alikwenda kuondoa miiba mdomoni mwa kisima, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tuliporudi nikaamua tuache jedwali, tutumie hifadhidata: programu ambayo kila kisima kina ukurasa wake, na jina haliachani na namba zake. Mzee hakubisha. Alivuta kiti akaanza kuingiza vipimo, kidole kimoja kimoja, mpaka akafika kisima kilichokauka. Programu ilidai kina cha maji. Akaacha wazi, ikakataa. Akaandika "hakuna maji", ikakataa.

"Inataka namba," nikasema.

"Namba gani, na kisima ni kikavu?"

"Weka sifuri."

"Hiyo sifuri itaingia kwa hesabu, iharibu wastani wa wengine. Kwa jedwali ningeandika tu kimekauka."

Alikuwa amesema kweli, nami nilikuwa nimechoka kubishana na mashine. Nilimpigia simu kijana aliyetuuzia programu, akaongeza mahali pa kuonyesha kisima kikavu. Lakini kwa hesabu ilibaki nzito. Swali dogo la wastani lilihitaji maagizo marefu ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua.

Mwishowe tukagawana kazi. Vipimo vinaingia kwenye hifadhidata, nami ndiye ninayeviingiza. Kila mwisho wa mwezi namtolea mzee nakala, anapiga hesabu kwenye jedwali lake. Ni kazi mara mbili. Wakati mwingine mchana wa joto namsikia akihema mbele ya kompyuta, akisoma jina la kisima kwa sauti, kisha namba yake, kisha jina tena, kabla ya kugusa chochote.