Vitambaa Vyekundu kwenye Minazi ya Galu

Tsuma mkwezi alifika katikati ya mnazi, mkono wake ukagusa kitu. Akasita. Kisha akateremka mbio mpaka ngozi ya kifua ikachubuka.

Akatupa panga chini.

"Huu sipandi," akasema. "Na ule pia sipandi. Hapa pametegwa!"

Ilikuwa Galu, mwaka wa hamsini na saba. Nilikuwa nimesimama kando na kikapu changu nikingoja nazi za mchuzi. Hina ya harusi yangu ilikuwa haijatoka vizuri kwenye kucha.

Nikainua macho. Kwenye shina la mnazi kulikuwa na kitambaa chekundu kimekazwa fundo.

Nilimjua aliyekifunga.

Alikuwa mume wangu.

Mwero nilimpata akiwa bado mwanafunzi. Siku zile watu walianza skuli wakiwa wakubwa, kwa hiyo kijana wa kidato cha nne kuwa na mke hakukumshangaza mtu. Alikaa bweni Mombasa, akirudi likizo tu.

Likizo ile alirudi na kazi ya jiografia. Kila mmoja achore ramani ya kijiji chao, aipime mwenyewe. Atakayerudi mikono mitupu, mwalimu hatamwandikisha mtihani wa mwisho.

Basi watu wakienda mashambani, sisi tulipima. Yeye na dira ya kuazima, mimi nimeshika ncha ya kamba. Ili aone alama zake kutoka mbali, alinunua kitambaa cha bendera, akakichanachana, akafunga vipande kwenye minazi. Alivifunga juu, watoto wasivifikie.

"Mbona nyekundu, Bwana?" nilimwuliza.

"Penye majani mabichi, nyekundu ndiyo inayoonekana."

Kweli ilionekana!

Kwetu sisi Wadigo, mtu akichoshwa na wezi humwita mganga amwekee chiraho kwenye mnazi wake. Ni dawa ya kulinda mali. Hufungwa kitambaa, na atakayegusa nazi huugua mpaka aje akiri. Na wa kuifungua ni yule yule aliyeifunga, hakuna mwingine.

Sasa Mwero alikuwa amefunga kwenye minazi ya watu. Pwani yetu shamba linaweza kuwa la huyu, mnazi huu wa yule, na ule wa shangazi yake aliyeolewa Jego. Kijana kazaliwa pale pale, anayajua yote hayo. Lakini akili yake yote ilikuwa kwenye ramani.

Kufika adhuhuri hakuna aliyethubutu kugusa mnazi. Mbaya zaidi, mtoto wa Esha alikuwa anaugua.

Esha alikuwa jirani yangu. Nilipoletwa pale mgeni, moto wa kwanza wa jiko langu ulitoka kwake, na kila asubuhi aliniita kwa jina langu, "Mwanapili, umeamkaje?" nisijihisi mpweke. Siku mbili kabla, mwanawe Shutu alikuwa ameokota nazi iliyoanguka chini ya mnazi mmojawapo. Kesho yake homa ikamwaka.

Nilipoingia kwake, mtoto alikuwa anahema mbio, mbavu zinabonyea.

"Dada, twende hospitali Msambweni," nikamwambia. "Lori la mbata linapakia dukani. Tukiwahi litatuchukua."

Esha akanitazama kama nimemtukana.

"Wakamchome sindano? Mtoto aliyeshikwa na chiraho akichomwa sindano hafiki jua kutua. Wataka nimwue mwanangu?"

"Sasa tufanyeje?"

"Aliyefunga afungue kwanza."

Wazee walikuwa wameshakusanyika uani kwa Mzee Boga, aliyekuwa na minazi mingi kuliko wote. Mwero aliitwa, akaja na karatasi zake kwapani.

"Shikamooni, wazee wangu. Ni mimi niliyefunga. Lakini si dawa. Ni alama za ramani."

"Ramani!" akacheka mmoja. "Kwani minazi yetu imepotea njia?"

"Na hiyo ramani inakwenda kwa nani?" akauliza Mzee Boga. "Kwa Mzungu?"

"Kwa mwalimu wangu, babu."

"Mwalimu wako si Mzungu?"

Mwero akazibana karatasi zake kwapani.

"Haya, mjukuu wangu," akasema Boga, na sasa hakuwa anacheka. "Nenda ukafungue. Mnazi kwa mnazi, mbele ya watu, na kwa kinywa chako useme umefungua. Ukikataa, tutajua unaitaka roho ya huyo mtoto."

Akifungua kwa maneno, amekiri uchawi mbele ya kijiji kizima. Habari ingefika kwa chifu, na kwa chifu ingefika skuli. Tena kazi ilikuwa nusu. Alama zikitoka, ramani hakuna, na mtihani hakuna.

"Sikufunga dawa, babu. Nitaifunguaje?"

Nyuma yetu mtoto akakohoa. Esha alikuwa amekuja naye begani, ameegemea kiambaza. Kule dukani lori likapiga honi ya kuita abiria.

Nikamsogelea Mwero. Haikuwa adabu mke kumnong'oneza mumewe mbele ya wazee, lakini nilinong'ona.

"Bwana, ukifungua, Esha atapanda lori."

Akamtazama mtoto. Akanikabidhi karatasi zake.

Akapanda mnazi wa kwanza. Akalifungua fundo mbele ya wote.

"Niliyefunga nimefungua," akasema kwa sauti. "Asidhurike mtu."

Mwanamke mmoja akatema mate chini. "Mchawi kumbe!"

Akaenda wa pili, wa tatu, na sisi nyuma yake. Kila mahali maneno yale yale, na kila mara sauti inazidi kukauka. Honi ikalia tena. Nikamwona Tsuma, yule mkwezi, akichomoka kundini kukimbilia barabarani. Alikwenda kusimama mbele ya lori, dereva asiondoke. Hakuna aliyemtuma.

Kitambaa cha mwisho kilipotoka, Boga akauliza, "Ni vyote?"

"Ni vyote, babu."

Esha alikuwa ameshaanza kukimbia. Nikamfuata.

Msambweni walisema ni kichomi, na kwamba tungekawia kidogo tu tungerudi na maiti. Nesi alipoinua sindano Esha alifumba macho, akaubana mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Alikuwa anangoja mwanawe afe.

Shutu akapiga ukelele wa hasira.

Esha akafumbua jicho moja. "Analia," akasema. "Mwanapili, analia kwa nguvu!" Tukaangua kilio sote watatu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Mwero ameketi na karatasi zake nusu. Watu walikuwa wanapita mbali na mlango wetu.

"Mtihani je?" nikamwuliza.

"Mtoto je?"

"Atapona."

"Basi nipe chakula."

Kesho yake asubuhi tukasikia hodi. Mzee Boga, peke yake, na bunda la kitambaa chekundu, kipya.

"Nataka unifungie kwangu," akasema.

"Babu, mle hamna dawa. Nilisema."

"Chiraho ambacho kikifunguliwa hata sindano haimdhuru mgonjwa! Waganga wetu hawana hicho. Nifungie, mjukuu wangu."

Nikauma leso nisicheke.

Mwero akafikiri. "Nitafunga, lakini kwa idhini ya kila mwenye mnazi. Nitatangaza mbele ya watu kwamba ni alama za ramani tu. Na kamba utashika wewe."

"Sawa sawa. Ramani," akasema Boga, akanikonyeza.

Mwero alitangaza kwa sauti kubwa. Wakaitikia, "Tumesikia!" na hakuna aliyeamini. Boga akashika kamba siku nzima juani, na kila mtu akasimama penye mnazi wake, akautaja kuwa ni wake na kukubali ufungwe. Ramani ikakamilika, Mwero akafanya mtihani wake, akaja kusomesha jiografia mpaka akastaafu.

Wajukuu zangu, nimeishi na msomi maisha yangu yote, na nilichojifunza ni hiki. Mtu akiwa na hofu, usikae kushindana naye huku mtoto anakata roho. Mvushe kwanza, ubishi utaukuta palepale.

Na kabla hujafunga kitu kwenye mti wa mtu, nenda ukamwambie.