Mwachie Adui Mji Mmoja

Ndugu yangu mkubwa alikuwa karani katika duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi mjini Kisii, na kompyuta ya chumba cha nyuma ilikuwa mikononi mwake. Mzee akishafunga duka adhuhuri akaenda kula, sisi tulitawala dunia. Mchezo ulikuwa wa zamu: unajenga miji yako, unabonyeza, miaka inasonga, na adui naye anajenga yake.

Mimi nilitaka vita. Yeye alinicheka. Alama, alisema, zinatoka kwa watu wengi wenye furaha. Anza na ghala, kisha hekalu na barabara; jeshi liwe la kulinda tu. Na adui wa mwisho umwachie mji mmoja.

"Wewe, wachana na huyo," alinishika mkono. "Ukimmaliza gemu imeisha. Mwache akae, sisi tuendelee kuzaa watu."

Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na miji yake aliipa majina vivyo hivyo. Babu alikuwa mji wa kando ya mto, shangazi akawa bandari. Nilidhani ni mzaha, kumbe ilikuwa hila: nani atasinzia akilinda lango babu yake akiwa ndani? Hatukupoteza mji hata mmoja.

Kisha kikohozi chake kikazidi. Akalazwa, na tukamzika nyumbani, kule Nyaramba, kando ya majani chai. Mzee wa duka akanipa kazi yake. Kwa muda mrefu sikuufungua mchezo. Hata kile kiti chake nilikiogopa.

Siku nilipoufungua, nilikuta mji mgeni kaskazini. Tarehe ilionyesha ndugu yangu aliujenga siku yake ya mwisho kazini, na aliupa jina lake mwenyewe.

Jina la aliye hai halirithishwi; hata mlevi wa kwetu anajua. Nilimkasirikia. Mimi aliniambia ni mafua tu, na mashine akaiambia ukweli.

Nikautunza ule mji. Niliujengea hekalu, soko, mfereji wa maji. Adui sikumgusa. Lakini mchezo una mwaka wake wa mwisho, na tulipoufikia, niliacha kubonyeza. Alama zilikuwa nyingi kuliko zote tulizowahi kupata; zilingoja kuhesabiwa tu. Kila adhuhuri nilifungua, nikautazama mji, nikafunga.

Jioni moja mzee akaniambia, "Kompyuta nimeuza. Kesho wanachukua. Kama kuna kitu ya ndugu yako ndani, toa."

Nilikaa mbele ya ile mashine, kidole juu ya kitufe. Mwishowe nikaunakili mchezo kwenye diski, nikazima.

Diski ninayo, ila mashine za kuisoma zimekwisha. Mwanangu alipozaliwa nilimpa jina la ndugu yangu, ilivyo desturi. Nikimwita akakawia kuitika, huwa naogopa. Naona kama yule wa mji wa kaskazini ndiye aliyesikia kwanza.