Chai Bila Maombi

Nilikubali ushauri wa fundi mwenzangu siku moja tukipiga randa, na kama siku hiyo ingerudi ningeukataa. Alisema, "Mzee, mwambie dada yako aje bila Mungu wake. Kama ni wewe anapenda, atakuja tu."

Mimi na fundi huyo hatukuwa watu wa dini. Nilikuwa nimeacha kuamini tangu sekondari, bila kugombana na mtu. Karakana yetu ya useremala ilikuwa mtaa wa Laini Saba, kando ya reli, na chumba changu kilikuwa nyuma yake. Dada yangu aliishi Kawangware. Mguu wangu ulipoanza kuvimba, alikuja kila Jumapili akitoka kanisani, na unga wa wimbi kwenye mfuko. Kabla ya kuondoka alisimama na kusema, "Tufunge kwa maombi."

"Mimi siamini, unajua."

"Sikuombei wewe. Naombea mguu."

"Mguu ni wangu."

"Basi wewe kaa hapo na ukaidi wako, mguu niachie mimi."

Nilicheka, nikamwachia. Sikuwahi kumpa jibu zuri kuliko hilo.

Jumapili baada ya ule ushauri nilimwambia: njoo, kunywa chai, lakini humu ndani hatuombi tena. Hakubisha. Tulikunywa, tukazungumzia mvua na watoto. Chai ikaisha, na hapo nikaona amekwama. Kwetu mgeni haondoki hivi hivi. Huomba, akasema amina, ndipo miguu inapata ruhusa ya kutoka. Dada alikunja leso yake, akaikunjua. Akashika mfuko, akauweka chini tena. Mwishowe akasema, "Haya basi," akatoka kama mtu aliyefukuzwa. Mimi sikuinuka.

Alirudi mara chache, na kila mara kuaga kulimshinda vilevile. Baadaye akawa anapiga simu tu, kisha nazo zikapungua.

"Si nilikuambia?" fundi mwenzangu alisema. "Alikuwa anatafuta kondoo wa kupeleka kwa pasta."

Nilimwamini, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Binti yake aliponipigia, mama yake alikuwa tayari mochari. Alikuwa ameugua muda mrefu.

"Mbona hamkuniita?"

"Anko, mathe alikataa. Nyumba ilikuwa inajaa watu wa kanisa kila siku. Alisema tusikulete mahali utalazimika kufumba macho."

Alishika sharti langu hadi mwisho, hata ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kunyamaza wakati anaomba kusingenipotezea kitu. Hata amina hakunidai. Kumkataza ndiko kulikonipotezea dada. Miaka yake ya mwisho sikuiona, na alipokufa Kawangware, mimi nilikuwa Laini Saba, napiga randa.