Ubao Kati ya Baba na Bibi

Ninyi mliokulia Songea enzi zetu, sabuni iliporudi madukani na mitumba ikamwagwa chini sokoni kila mtu ajichagulie, hamtanibishia nikisema utoto wetu ulikuwa mtamu. Tulicheza rede mpaka magauni yakawa rangi ya udongo, tukanywa togwa hadi matumbo yakatutangulia, na shikamoo tuliwapa hata watu wa ng'ambo ya barabara. Lakini sisi pale Msamala tulikuwa na kitu ambacho wenzetu hawakuwa nacho. Tulikuwa na gari lenye kitanda.

Lilikuwa kombi kuukuu. Baba, ambaye alikuwa fundi seremala, alilipata kwa mzungu mmoja wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao. Mbele lilikuwa na viti viwili, nyuma kitanda, kabati na sinki dogo la kuoshea vikombe, na katikati hapakuwa na kizuizi chochote. Ukilala kitandani unamwona dereva. Watoto wa mtaa mzima walipanga foleni kuja kulala mle kidogo kidogo. Mimi ndiye niliyesimamia foleni, na nilikuwa na upendeleo wa waziwazi.

Shida ilianza Bibi, mama yake Mama, alipokuja kwetu na kidonda cha mguu. Kila Jumamosi alitakiwa Peramiho, hospitali ya misheni, kusafishwa kidonda. Mguu haukukunjika, kwa hiyo mabasi madogo hakuyaweza, na kitanda cha kombi kilimfaa kabisa. Ila dereva alikuwa mkwewe. Mnaijua heshima ya kwetu: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na Baba akisikia kikohozi cha Bibi uani alizunguka nyumba nzima ili ampishe. Leo Bibi alale, na mkwe awe hatua mbili mbele yake? Alisema afadhali mguu uoze.

Mama akatundika kitenge katikati. Jumamosi ya kwanza tulikwenda vizuri, mpaka kwenye kona moja upepo ukakiinua, na Baba akatupa jicho kwenye kioo cha kuangalia nyuma. Macho yao yakakutana mle kiooni. Baba alifunga breki hata vikombe vikaangukia sinkini. Bibi alijifunika khanga gubigubi mpaka tukafika, na Jumamosi iliyofuata akagoma kutoka chumbani. Mguu ukazidi kuvimba. Mama alilia jikoni, nami nikalia kwa sababu Mama analia.

Ndipo Baba akaingia karakana. Alipima, akakata plaiwudi, akaipigilia kutoka sakafuni hadi darini mwa gari, akaipaka vanishi ikang'aa. Pembeni akaacha kidirisha cha ukubwa wa sahani. Kile kioo akaking'oa kabisa. Bibi alikuja na mkongojo wake, akaugonga ubao mara tatu, akasema, "Huyu ni fundi." Akapanda.

Kidirisha kilikuwa changu. Nilikaa nyuma na Bibi, kazi yangu kupitisha maneno.

"Skola, mwambie baba yako apunguze mwendo, hatukimbizwi."

"Mwambie Bibi huu ni mteremko."

Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini hakuna aliyejibu mpaka niwe nimerudia. Nikisinzia, mazungumzo yalisimama. Hivyo ndivyo walivyoulizana habari za mahindi na kubishana kuhusu mvua, na siku moja Baba alimchekesha Bibi mpaka akashika mbavu. Nasema wazi, watu wale walipendana kupitia tundu lile.

Kisha zikaja mvua za Machi. Jumamosi hiyo Bibi alikuwa na homa kali na mguu umekuwa mwekundu hadi gotini. Tukiwa tumebakiza mwendo mfupi kufika Peramiho, kombi likazama kwenye tope, na barabarani hapakuwa na mtu. Baba alizunguka, akafungua mlango wa pembeni huku ameangalia porini. "Skola, mwambie Bibi..." Akashindwa kumalizia.

Bibi aliutazama ubao. Mimi nilijua kabisa kwamba heshima ile inaweza kumuua. Mwishowe akasema, "Mwambie baba yako ageuke."

Baba akageuka, akachuchumaa topeni. Bibi akajifunika khanga kichwani na kumpanda mgongoni. Nikawafuata na mkongojo. Mdomo wa Bibi ulikuwa pale pale kwenye sikio la Baba, lakini bado alipaza sauti: "Skola, mwambie baba yako asikimbie, atateleza!" Nami nikamwambia. Baba akajibu, "Mwambie Bibi asiogope, simwangushi." Nikarudia na hilo, huku nacheka na kulia.

Alipona. Baba alimpelekea kuku wa kuomba radhi, na Bibi akamrudishia wawili, akidai mkosaji ni yeye. Ubao ukabaki pale pale.

Bibi alifariki miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaolewa. Baba aliomba aachwe naye kidogo, nami nikabaki mlangoni. Akafunua shuka, akautazama ule uso kwa muda mrefu. "Kumbe kipaji cha uso ulichukua kwake," akaniambia.

Leo nami nina mkwe. Hunipigia simu ya video akiwa na kaptula, anakula chipsi, ananiita "mama mzuri", na mguu ukiniuma hunitumia vikatuni vinavyolia. Nampenda, kijana ana moyo, na sitaki kumwekea ubao. Uso wangu anaujua kuliko Baba alivyoujua wa Bibi. Ila simu ikikatika huwa nabaki nimeishika, nikijiuliza kama siku gari likikwama atajua kugeuka na kuchuchumaa.