Mama Juu ya Basi la Watalii

Mama alipotua Johannesburg, afisa wa uwanja wa ndege alimuuliza amekuja kufanya nini. Nilikuwa nimemfundisha kwenye simu aseme matembezi. Akasema hivyo, akagongewa muhuri, akatoka na kapu lake na ushungi wake wa harusini. Matembezi gani! Alikuja kumtafuta mdogo wangu. Kijana alinifuata huku kutoka Tanga, akauza nguo nami Fordsburg, akanawiri, akawa anatuma picha nyumbani. Kisha akaanza kuvuta unga, ukamchukua. Akaanza kulala nje, simu yake ikazimika, na mwishowe sikujua hata yuko mtaa gani. Mama alivumilia mpaka akashindwa.

"Wewe umemtafuta kidada," aliniambia kabla hajavua viatu. "Mimi nitamtafuta kimama."

Nilishamtafuta mpaka chini ya madaraja, lakini Mama hajibiwi.

Siku za mwanzo tulizunguka kwa teksi za abiria, hizi daladala za huku zinazoitwa kwa vidole: ukinyoosha kidole juu, dereva anajua unakwenda mjini. Mama vidole alivielewa upesi. Kilichotushinda ni mdomo. Mtu wa Tanga hawezi kuingia penye watu akakaa bubu. Anasalimia waliomo, anauliza za nyumbani, anamuuliza wa pembeni mbona macho mekundu, kulikoni. Yote kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Na wakati huo watu walikuwa wanaandamana wageni tuondoke, maduka yanafungwa mchana kweupe, mgonjwa anaulizwa karatasi mlangoni mwa zahanati. Nikawa namfinya paja.

"Mama, usiongee."

"Nisisalimie watu?"

"Usisalimie."

Aliniangalia kwa huruma, akaniona nimeharibikiwa. Kesho yake mwanamume wa kiti cha nyuma akatuuliza kwa Kizulu tunarudi kwetu lini. Gari zima lilikuwa na masikio, na hakuna aliyemkanya. Tukashuka njiani. Mama hakuuliza yule mtu amesema nini. Alikuwa ameelewa.

Aliyetupa akili ni jirani yangu, msusi Mkongo kutoka Bukavu. "Dada, mutalii hawamupigake," alisema huku anasuka. "Wanatupigaka siye tunaotumika kazi. Mupandishe mama mu basi ya watalii." Nilicheka kwa uchungu, lakini alisema kweli. Mgeni wa kupiga picha hakimbizwi. Anayekimbizwa ni mgeni wa kuuza soksi.

Ndivyo Mama alivyokuwa mtalii. Tulipanda lile basi la ghorofa lisilo na paa, tukakaa juu, upande wa njia ya miguu. Kila abiria alipewa vidude vya masikioni vya kusikiliza historia ya mji. Zilikuwemo lugha tele, Kiswahili hakimo. Mama aliviweka mapajani. Wenzetu walipiga picha majengo, yeye akatazama chini, uso baada ya uso: walinzi, wauza ndizi, watu waliolala juu ya makaratasi. Ukimwona ungedhani anachagua samaki sokoni.

Mbele yetu alikaa mama mmoja Mzungu, mkarimu, maneno mengi. Alisema mwaka uliopita alizunguka kisiwa kizima huko Karibi kwa basi kama hili, bahari iko upande mmoja siku nzima, kisiwa kidogo hata ukitaka kupotea huwezi. Mama akataka nimfasirie. Nikafasiri.

"Mwambie mimi mwanangu amepotea," Mama alisema.

Nilimwambia yule mama kwamba mzazi wangu anafurahia hewa. Akatabasamu, akampiga Mama picha.

Tulizunguka hivyo siku kadhaa. Braamfontein, darajani, Marshalltown, tunarudi, tunaanza upya. Kondakta alituzoea. Nilikuwa nimechoka, na ninakiri nilikuwa nimekasirika: na Mama, na mdogo wangu, na jua. Kisha basi likasimama kwenye robot, taa za barabarani, pale Marshalltown, na Mama akainuka.

Chini yetu kulikuwa na kijana anavuta toroli la taka, gunia jeupe limejaa chupa na maboksi kupita kimo chake. Nilimwangalia nisimtambue. Miguu mikavu, koti la mtu mwingine. Mama alimwita kwa jina lake, mara moja, kwa sauti ileile ya kumwitia chakula.

Akainua uso. Alimwona. Hakuna atakayeniambia hakumwona, maana alilaza mpini wa toroli chini taratibu, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Basi likaondoka. Basi hilo halishushi mtu njiani, linashusha vituoni tu. Nilimwomba kondakta, nikapiga kelele, Wazungu wakanigeukia. Mama alikuwa amesimama, ameshika chuma, anatazama nyuma mpaka tukakata kona. Kituo kilipofika tukashuka, tukarudi kwa miguu. Mama wa magoti mabovu alinitangulia.

Toroli lilikuwa palepale. Mwenyewe hayupo. Muuza mahindi akatuonyesha alikokimbilia, akashangaa, kwa sababu hawa jamaa hata msalani huenda na toroli zao. Nilizunguka mtaa hadi mtaa nikiita. Niliporudi nilimkuta Mama ameketi ukingoni mwa barabara, mkono juu ya mpini.

"Atarudi," alisema. "Hawezi kuacha mali yake."

Tulikaa mpaka jua likaanza kuondoka. Wakapita waokota taka wawili, wakalitazama toroli, wakatutazama sisi, wakaenda kusimama ng'ambo wakisubiri tuchoke. Nilimwambia Mama giza likiingia hapa hatutabaki salama. Hakubisha. Alipanga vizuri boksi moja lililotaka kuanguka, akaninyooshea mkono nimwinue. Hatujafika hata kona tukasikia magurudumu: wale wawili walikuwa wanaondoka nalo.

Siku za muhuri wake zilikuwa hazijaisha. Nikamwambia kesho tutapanda tena, sasa tunajua mtaa wake. Alikataa. Akaanza kufunga kapu. Nilimbembeleza, nikagomba, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake: umekuja kote huku kusema marahaba tu?

Pale uwanja wa ndege, kabla ya kuingia ndani, alinishika kidevu.

"Usimtafute tena," alisema. "Alikuwa na kitu kimoja duniani, akakiacha kwa sababu alimwona mama yake. Akipata kingine, mimi niwe mbali."