Paa wa Kitambaa Chekundu

Bi Mwanamwema wa Bwejuu hakuwa na subira na wajinga, na kwa maoni yake kijiji kizima kilijaa watu hao. Mumewe alipofariki alimwachia konde la choroko kwenye ardhi ya mawe, naye akajilisha kwa konde hilo, asimgongee mtu mlango hata kwa chumvi. Kwa hiyo mwaka ule wa hamsini na kitu, vuli ilipokosa mvua, alizilinda choroko zake kama mboni ya jicho.

Ndipo alipokuja Msabah, kijana wa Shangani, Unguja mjini, aliyesomeshwa Uingereza hata akarudi hajui kukaa mkekani. Alikuwa anatafuta shahada ya pili, na utafiti wake ulikuwa kujua paa hufanya nini wakipatwa na dhiki ya ukame. Watu wa Bwejuu walikuwa na dhiki hiyohiyo, ila wao hakuna chuo kilichomtuma mtu kuja kuwatazama.

Wasasi walimnasia Msabah paa dume, naye akamfunga kitambaa chekundu shingoni ili amtambue kwa mbali, kisha akamwachia. Hapo akili zikawaruka watu. Nyekundu ni rangi ya mizimu, na mnyama akishavikwa ni wa mizimu, aliyemvika ajue asijue. Wanaume wazima wakawa wanawafunga mbwa wao paa akipita.

Paa naye si mjinga. Alipoona hafukuzwi, akahamia kondeni kwa Bi Mwanamwema mchana kweupe. Bibi akimjia na fimbo, alisogea kando akamngoja achoke. Bibi akamwita kaka yake Jaku aje na wavu. Jaku akasema ana watoto, hataki kuwatafutia balaa. Bi Mwanamwema akamwambia ayanyoe masharubu yake, maana hayana kazi.

Akaenda kwa Msabah kumtaka amvue paa kitambaa. Msabah aliucheka ushirikina wa watu wa shamba, akasema utafiti utaharibika. Tena alikuwa na furaha, keshagundua jambo.

"Ukame umemwondolea woga, Bi Mwanamwema. Hamwogopi tena mtu. Nshaandika."

Bibi alirudi na hasira, na chini ya hasira mlikuwa na hofu, kwani hajapata kuomba chakula maishani mwake. Hazikupita siku nyingi konde likabaki mawe matupu.

Adhuhuri moja aliingia nyumbani alikopanga Msabah, bila hodi. Kijana ndiyo kwanza amepakuliwa wali na samaki wa nazi. Bi Mwanamwema akanawa, akaivuta sahani kwake, akala taratibu mpaka chini kukaonekana. Msabah alisimama na kijiko mkononi.

"Bi Mwanamwema, hicho chakula changu," alisema mwishowe.

"Nnajua, mwanangu. Chukua kalamu uandike: ukame umemwondolea woga."

Kesho yake alirudi tena, na siku zote alizobaki Msabah pale Bwejuu, mpishi wake alipika chakula cha wawili.