Buti za Damu ya Mzee

Kwa miaka kadhaa nilikwenda kazini na jozi mbili za viatu: miguuni raba, na ndani ya mfuko wa kitambaa viatu vyeusi vya mchuchumio. Natoka nyumbani Tottenham kungali giza, nashika basi, naingia treni ya chini ya ardhi ya Victoria line, nabadilisha treni kwenda Croydon. Nikifika huko natafuta benchi stesheni, navua raba, navaa mchuchumio, kisha naelekea kwenye ofisi za mawakili.

Kazi yangu ni ukalimani. Watu wanaoomba kubaki nchi hii wanasimulia maisha yao kwa Kiswahili, mimi nayasema kwa Kiingereza, halafu nawarudishia maswali. Mtu anapokukabidhi mambo mazito ya maisha yake, niliona si vizuri umpokee ukiwa umevaa kama uliyetoka kukimbia bustanini.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha, nilisinzia ndani ya treni. Niliposhtuka milango ilikuwa inakaribia kufungwa. Niliruka nje, mfuko wa viatu ukaendelea na safari peke yake. Nikaingia ofisini na raba zangu za rangi ya waridi, zimelowa, kila hatua inatoa sauti. Wakili mgeni, kijana ambaye hatukuwahi kuonana naye, alinitazama kuanzia chini kwenda juu, akanionyesha kiti cha wateja na kuniambia kwa upole nisiwe na wasiwasi, mkalimani wangu yuko njiani.

Nikamwambia, "Mkalimani ni mimi."

Aliomba radhi, tena sana, na sikumlaumu. Lakini siku hiyo nzima nilikaa nimeficha miguu chini ya kiti.

Jioni nilimsimulia binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na sita, mzaliwa wa hapahapa London, anaelewa Kiswahili chote ila majibu yake ni Kiingereza tangu aanze chekechea. Nilikuwa nimeshaacha kumgombeza kwa hilo. Alianza kucheka, kisha akaziangalia raba zangu zilizolowa. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba Jumamosi tunakwenda kutafuta viatu, na kwamba itakuwa jozi moja tu, ya kunitoa nyumbani na kunifikisha kazini.

Tulizunguka sana. Miguu yangu ni mipana mbele, miguu ya upande wa baba, iliyokwenda shule pekupeku huko Morogoro mpaka ikachagua umbo lake. Viatu vilivyoikubali vilikuwa kama vya mgonjwa aliyeruhusiwa jana kutoka wodini. Vilivyopendeza vilinibana vidole. Binti alipendekeza raba nyeusi, nikakataa. Mimi nikapendekeza mchuchumio mwingine, akakataa yeye. Mwishowe nikakumbuka mama mmoja wa kanisani kwetu aliyewahi kunisifia duka dogo Kingsbury, tukapanda basi kwenda huko.

Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima, sweta juu ya sari. Alitusikia mlangoni, mimi nikilalamika kwa Kiswahili na binti akinijibu kwa Kiingereza, akasema, "Karibuni. Mie mtu wa Tanga, nimezaliwa Ngamiani."

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeikosa salamu hiyo siku nyingi. Alitueleza kwamba wanawe wanajua Kigujarati na Kiingereza tu, na tangu mumewe afariki, Kiswahili anakizungumza na wateja wakitokea. Kisha akaniuliza naenda wapi kila siku, nasimama au nakaa, natembea sana au kidogo. Akanipa soksi nene, maana viatu vya baridi, alisema, hujaribiwa na soksi za baridi.

Alileta buti fupi za ngozi, zipu ubavuni, kisigino kifupi na kipana, soli ya mpira yenye meno ya kushika barafu. Rangi yake damu ya mzee. Nilipozivaa vidole vyangu vilikaa kila kimoja mahali pake. Nikatembea mpaka mwisho wa duka na kurudi, na kwenye kioo nikamwona mwanamke amenyooka mgongo. Hata hivyo nikasita. Nikauliza kama hana nyeusi, kwa sababu kazini watu wanavaa nyeusi, na sikutaka kujionyesha.

Hapo binti yangu akasema, kwa Kiswahili, akimtazama yule mama wala si mimi:

"Mama yangu anasema maneno ya watu siku yote. Kama yeye hapana kuwa pale, hakuna mtu anasikia wao. Yeye anataka viatu nzuri. Viatu ya mtu mkubwa."

Ngeli zilikuwa zimegongana zote. Yule mama hakumsahihisha hata neno. Alinigeukia, akasema, "Umemsikia mtoto?"

Nilimsikia. Niliinama nikajifanya naangalia zipu, kwa sababu sikuamini uso wangu ungenitii. Nilipoinuka nikasema nachukua hizihizi, na sizivui, nirudi nazo nyumbani.

Theluji ilianguka Januari. Asubuhi ya kwanza watu walitoka stesheni ya Croydon wakitembea kama bata, wameshikilia kuta na vyuma vya njiani. Mimi nilipita katikati ya njia, miguu imekauka na ina joto, nikafika mapema. Sikuwa na benchi la kutafuta. Yule wakili kijana alinikuta nimeshakaa na mteja, bibi mmoja wa Unguja, nimekunja nne, buti zangu nje kila mtu azione.

Wiki hiyohiyo nilitoka nyumbani pamoja na binti. Kituoni walikuwapo wenzake wa shule, na kwa kawaida akiwaona hupunguza mwendo, mimi nikatangulia kama jirani tu. Safari hii alinifuata mpaka mlangoni mwa basi. Wenzake wakasikia, na dereva akasikia, aliponiambia, "Kazi njema, Mama."